Baba Lulu

Kule British Library, London, umehifadhiwa mswada mmoja mdogo wa mnamo mwaka 1400, wenye mashairi manne. La kwanza ni Pearl, yaani Lulu. Jina la mtunzi halimo. Wataalamu wala hawakubabaika: kwa lahaja wakampa kwao, Cheshire au jirani; na kwa kuwa shairi lamlilia mtoto, wakampa binti, kisha wakamzika. Wengine wakampa na kazi, ukarani. (Mshahara bado unajadiliwa.) Kwamba malenga aweza kumlilia mtoto wa kubuni, mh, hilo zito. Na kama watunzi walikuwa wawili, au wanne? Aa, huyu mmoja tumeshamzoea. Asije tu akafufuka akajitambulisha, akawaharibia watu shahada zao.