Nyumba Isiyo na Kibao

Hapa Bweri, Musoma, mitaa ya nyuma ya stendi ya mabasi, kulaza mgeni kuna sheria mbili.

Ya kwanza ni ya gesti. Ukitundika kibao cha "Vyumba Vipo" tu, umewaita wote: bwana afya aje kukagua choo na godoro, zimamoto waulize mtungi uko wapi, watu wa leseni watake leseni. Mgeni naye, ameshuka basi la Dar es Salaam miguu imevimba, hapewi ufunguo mpaka ajaze kitabu: jina, kabila, atokako, aendako. Kabila la nini, mura? Mtu anataka kulala, hajaja kuposa.

Ya pili ni ya jirani yangu, nayo mimi sijaiona imeandikwa popote. Kajenga nyumba, kaipiga rangi ya kijivu, kaiweka picha mtandaoni, analaza watu kwa siku. Hana kibao, kwa hiyo hana bwana afya. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua, na mapokezi ni mimi. Usiku wa manane geti langu linagongwa: "Samahani mzee, nywila ya waifai?" Asubuhi wanauliza sato wanauzwa wapi, na gari la kwenda Butiama kwenye kaburi la Mwalimu. Wengine wanadai ziwa, maana tangazo limesema linaonekana. Linaonekana kweli, ila mpaka upande juu ya tenki.

Wenzetu walishachoka na nyumba za namna hii. New York, tangu Septemba 2023, anayelaza mgeni chini ya siku 30 lazima ajisajili, na yeye mwenyewe awemo ndani. Barcelona imetangaza kuzifuta kabisa nyumba hizo ifikapo 2028. Kenya iliwataka wenye nyumba wajisajili baada ya wanawake wawili kuuawa kwenye vyumba vya namna hiyo Nairobi, Januari 2024. Hapo sina utani. Kitabu cha gesti, pamoja na kabila lake, angalau kinasema nani aliingia.

Vijijini sina wasiwasi. Mgeni akishuka na begi, kabla hajapewa maji ya kunywa mjumbe ameshajua ni wa kwa nani. Ni huku mjini mwenyekiti wa mtaa anapopata habari za mgeni muziki ukishazidi. Basi jirani anunue kaunta buku na kalamu, aifunge kamba isiibwe, mwenyekiti awe anapita kusoma. Mimi niachiwe usingizi wangu.

Ila ya London msituletee. Kule, tangu 2015, nyumba nzima hailazi wageni wa muda mfupi zaidi ya siku 90 kwa mwaka bila kibali. Wahenga wetu walikuwa wakali zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji yangu nilishampa. Alilipima mkononi, akalisifia mpini, akauliza chai inaiva saa ngapi.