Sifa za Maji ya Ngamani

Katika kazi ya kutia mota ya umeme na usukani kwenye boti ya mfano ya zamani, kila kitu kina wa kukisifu. Mota husifiwa kwa nguvu, betri ya lithiamu kwa wepesi, servo kwa utiifu, na rangi mpya husifiwa hata na jirani asiyejua omo wala tezi. Mmoja tu hana wa kumsemea, ingawa huhudhuria kila siku ya kushusha chombo majini, hufika bila kualikwa, huondoka wa mwisho na hadai ujira. Nakusudia yale maji machache yanayopenya kando ya shafti na kutulia ngamani. Leo nasimama kwa niaba yake.

Adabu ya kusifu ni kuanza na nasaba, na nasaba ya maji haya haina doa. Mababu zake walisafiri ndani ya mitepe ya Lamu, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari. Humo walikuwa na watumishi wao, mabaharia waliofua maji safari nzima ili chombo kibaki juu. Ukoo uliozoea kuhudumiwa hivyo baharini hauwezi kuona haya kuingia katika kiboti kwenye Round Pond, bwawa la mwaka 1730 katika bustani za Kensington, London, ambako Waingereza wenye mvi zao wamekuwa wakichezea mashua kwa vizazi kadhaa bila aibu yoyote.

Ili maji yapate mlango, sharti mtu aukate, na hapa ndipo fundi anapostahili shukrani zetu. Boti za bati za Hornby, zilizotengenezwa Binns Road, Liverpool, miaka ya 1930, zilikwenda kwa kamani. Ulitia ufunguo, ukauelekeza usukani kwa kidole, ukaiachia boti, kisha ukazunguka bwawa kwa miguu kwenda kuipokea ng'ambo, ikiwa itakubali kufika. Nyingi za mbao, zilizoundwa nyumbani jioni baada ya kazi, hazikuwa na tabia bora. Chama cha Victoria Park, mashariki mwa London, kilichoanzishwa mwaka 1904, kimeyageuza mateso hayo kuwa mashindano: boti huachiwa ielekee yenyewe kwenye lango la upande wa pili, na mwenyewe hana tena la kufanya ila kuomba Mungu.

Fundi wa leo hataki kuzunguka bwawa. Anataka kusimama palepale na rimoti mkononi, boti iende, igeuke, irudi. Tamaa hii si ngeni. Mwaka 1898, katika Madison Square Garden, New York, Nikola Tesla alionyesha kiboti chenye betri, mota na usukani vilivyoamrishwa kwa mawimbi ya redio, na kati ya watazamaji wapo walioona mazingaombwe tu. Lakini tamaa hiyo ina gharama yake, nayo ni matundu mawili: moja la shafti ya rafadha, chini tezini, na jingine la mti wa usukani, nyuma yake. Chombo cha mbao kilichokaa darini nusu karne kikiwa kizima hutobolewa mara mbili siku ya kufufuliwa.

Haki inanilazimu nimtaje adui. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alipitisha mashua ya umeme katika mto Seine, mota ameifunga juu ya usukani wenyewe, na rafadha ikizunguka hukohuko kwenye usukani, vyote vikining'inia nje. Mwili wa mashua hakuutoboa. Wanahistoria humpa heshima ya kuwa baba wa mashine za kufunga nyuma ya boti. Mimi simpi kitu. Mtu aliyeunganisha mwendo na mwelekeo bila tundu hata moja aliyafungia maji mlango kabla hayajabisha hodi. Bahati njema mafundi wa boti za zamani hawamfuati, maana mota ikining'inia nyuma ya boti ya mwaka 1935, boti hiyo huonekana kama bibi harusi aliyevaa helmeti ya bodaboda.

Sasa fadhila zake, na kubwa kuliko zote ni ualimu. Kanuni ya shafti ni nyepesi: bomba la shaba linaloibeba lipande kutoka nje kwenda ndani, na ncha yake ya ndani iwe juu ya mstari wa maji. Maji yatapanda ndani ya bomba hadi usawa wa bwawa, kisha yatasimama, kwa kuwa hayana desturi ya kupanda mlima. Kila fundi anaikariri kanuni hii. Kisha anakutana na boti ya zamani yenye tumbo jembamba na sitaha ya chini, mota haipati pa kukaa isipokuwa sakafuni, bomba linalazwa, na ncha ya ndani inaishia chini ya mstari. Hapo anajaza grisi na kujipongeza. Grisi huzuia maji vizuri sana, kwa muda. Shafti inazunguka, grisi inasukumwa nje taratibu, bushi za ncha mbili zinalika, na maji yanakuja kuendeleza somo la jiometri pale lilipoachwa. Hayana haraka. Sote tuliambiwa tangu utotoni kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini sijaona binadamu aliyeishika methali hiyo kwa uaminifu wa tone la tezini.

Tena ni mganga. Mbao zilizokauka darini hufunguka maungio, na mabaharia wetu wanajua dawa ya jahazi lililolala ufukweni muda mrefu: liachwe linywe kwanza. Ubao ukinywa huvimba, na maungio hujifunga yenyewe. Fundi mwenye subira huilaza boti ndani ya beseni la kuogea usiku kucha, asubuhi akaikuta imejaa na imeanza kupona. Asiye na subira hupaka epoksi kila mahali, ubao usipate tena kunywa, halafu hushangaa tundu la shafti linapoendelea kuvuja kama kwamba halikuambiwa habari za epoksi.

Linganisha uwazi huu na hila za mota. Mpenda uhalisi hutafuta mota ya enzi hizo, tuseme Taycol ya Kiingereza ya miaka ya 1950, pambo la macho, koili zake zote zikionekana. Huiunganisha na kidhibiti mwendo cha kisasa. Anasukuma kijiti mbele, boti inakwenda mbele. Anakivuta nyuma, boti inakwenda mbele. Mota hii haina sumaku ya kudumu: sumaku yake nayo ni koili, hivyo ukigeuza nyaya za betri pande zote mbili hugeuka pamoja na mzunguko unabaki uleule. Ili ikubali kurudi nyuma, koili ya sumaku sharti ipitishiwe umeme wake kwenye daraja la dayodi nne, ili yenyewe isigeuzwe. Burashi zake nazo hutoa cheche zinazokisumbua kipokezi hadi servo inatetemeka bila kuamrishwa. Maji hayana mambo haya. Ukiyatafuta unayakuta, na daima mahali pa chini kabisa, kwa unyenyekevu.

Tusisahau ukarimu. Betri za zamani za risasi na asidi zilikuwa nzito, zikafanya kazi ya farumi bila kuombwa. Betri ya lithiamu ni nyepesi mno: boti inaelea juu, nusu ya rafadha iko hewani inapiga povu, na fundi aliyelipa kwa ajili ya wepesi anakwenda kununua vipande vya risasi kwa ajili ya uzito. Muda wote huo maji yanajitolea bure, kilo moja kwa kila lita. Ni kweli kwamba farumi hii haikai mahali pamoja. Boti nyingi za aina hii zikikata kona huinamia nje ya kona, na maji hukimbilia upande huohuo, yakauzidisha mwinamo. Lakini nani wa kulaumiwa? Boti ilipokuwa ikienda moja kwa moja, maji yalilala. Fundi ndiye aliyetia usukani, akayafundisha kucheza. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, ila hawakuwahi kuiona servo: sitaha imekwisha kuzama, nayo bado inageuza kana kushoto na kulia kwa ule utiifu inaosifiwa.

Na nani mwingine hukusanya watu ukingoni? Boti kavu hutazamwa, hupongezwa, mwenyewe akaenda zake. Inayovuja huitisha baraza. Mmoja ana sponji, mwingine sirinji ya kunyonyea, wa tatu anasimulia aina ya grisi isiyopatikana tena madukani, na mzee aliyekaa kando anasema shafti imepinda. Kwa kawaida ni kweli, imepinda.

Wapo wasiotosheka na neema zote hizi, na wafanyabiashara wamewasikia. Kuna pampu ndogo za umeme zenye kihisi. Maji yakifika kimo fulani pampu hujiwasha, ikayanyonya ngamani na kuyatema nje, kisha ikajizima. Ni kifaa nadhifu, hakina uzito wa kutajika. Kinadai kitu kimoja tu, mahali pa kutemea, kwa hiyo fundi anachukua tena drili, anapima ubavuni juu kidogo ya mstari wa maji, na anatoboa tundu la tatu.