Kwa Jenabu Tabibu Mkuu: Shukurani za Mtaa kwa Nasaha za Masika

Kwa jenabu Tabibu Mkuu, msimamizi wa zahanati ya mtaa wetu wa Ng'ambo, Unguja.

Tunakuarifu kwamba sisi wagonjwa wako, pamoja na jirani zetu ambao hadi leo ni wazima kwa rehema za Mola tu, tumeisoma herufi kwa herufi ilani uliyoamuru itundikwe mlangoni wiki iliyopita, yenye kichwa kilichoandikwa kwa wino mwekundu, JIKINGE NA MARADHI YA MASIKA. Na kwa kuwa huu ni mwezi wa Julai, kusi imekwisha kushika, madimbwi ya njiani yamekauka na watu wanajifunika shuka mbili kwa baridi ya kipupwe, tumeona si uungwana kunyamaza bila ya kukushukuru kwa kutuonya juu ya mambo tuliyokwisha kuyaugua.

Wapo mahasidi katika baraza ya kahawa wasemao kwamba nasaha hii imechelewa. Wanadai kwamba masika, tangu zama za mababu, huingia Machi na kutoka Mei, na kwamba manahodha wa majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi, ambao hawakuwa na shahada ya utabibu, walizijua siku za kaskazi kuwaleta na siku za kusi kuwarudisha, wakaijenga biashara nzima ya bahari juu ya ujuzi huo. Mimi nimekutetea. Nimewaambia kwamba nahodha akichelewa huharibikiwa yeye mwenyewe, ilhali tabibu akichelewa huharibikiwa mtu mwingine, basi haiwezekani haraka zao zikalingana. Tena nikawaonesha hisabati: ilani za zahanati yako haziondolewi, na ile ya vuli, tuliyoipata Januari kaskazi ikivuma, ingali pale ukutani, wino umefifia na msumari umeshika kutu, kwa hiyo hii ya masika nayo itakaa, na ukiihesabia Machi ijayo utaona kwamba haikuchelewa hata kidogo, bali imewahi kwa miezi minane.

Tukija katika matini yenyewe, fungu la kwanza linatuusia tulale ndani ya vyandarua ili tuepukane na malaria na homa ya dengi. Kuhusu malaria hatuna hoja. Mbu wake huuma usiku, na watu wa Unguja ni mashahidi kwamba vyandarua vyenye dawa, upulizaji wa majumbani na dawa mseto vimeyashusha maradhi hayo, ambayo zamani yalikuwa yakijaza mawodi, mpaka wenye kuambukizwa wakawa chini ya asilimia 1 ya watu. Walakini mbu wa dengi ni mwingine kabisa, mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, na desturi yake ni kuuma mchana, hususan asubuhi na jioni kabla ya jua kuchwa. Tunaomba fatwa yako: je, mchuuzi wa samaki pale Darajani anadi samaki wake akiwa ndani ya chandarua, na kama ndivyo, mnunuzi aingie humo au abakie nje?

Mbu huyo hana haja na mtaro mchafu. Hutaga katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya vifuu, makopo na matairi. Na hapa ndipo tunapopaswa kuusifu ukarimu wako, kwani matairi makuukuu uliyoyapanga mbele ya zahanati kuzungushia maua, yakapakwa rangi nyeupe na kijani kibichi, yangali na maji hata sasa ambapo mtaa mzima umekauka. Mgonjwa anayengojea zamu, akiinama kidogo, ataviona viluwiluwi vikipanda juu kuvuta pumzi, kisha vikajipindapinda kurudi chini mara tu kivuli chake kinapovipita. Mzee mmoja ameapa kwamba siku moja alikaa pale mpaka akaona kiluwiluwi kikiota mbawa na kuruka. Nadhani amepiga chuku, maana shughuli hiyo huchukua wiki nzima au zaidi, na foleni yako, pamoja na sifa zake zote, haijafika huko.

Kadhalika ilani inasema kwamba mwenye homa na maumivu ya viungo "atumie dawa ya maumivu". Ipi? Mwenye dengi akimeza aspirini au ibuprofeni hujiongezea hatari ya kutokwa na damu, na parasetamoli ndiyo inayofaa. Neno moja lingetosha, na nafasi ya kuliandika ilikuwapo, kwani robo ya karatasi imechukuliwa na muhuri na sahihi yako.

Baada ya nasaha zinafuata huduma, na hapo ndipo palipotiwa bidii. Tumetangaziwa vipimo vya msimu kwa bei ya pamoja, na kinara wake ni kile cha Widal, ambacho tabibu wa Kifaransa wa jina hilo alikitoa mwaka 1896 kwa ajili ya homa ya matumbo, yaani taifodi. Kipimo hicho hakimtafuti mdudu mwenyewe, bali hutafuta kinga iliyomo damuni, na kinga hiyo huweza kuwa imebakia tangu maradhi ya zamani, au kuletwa na maradhi mengine. Ndiyo maana matabibu wenye insafu hawaihukumu taifodi kwa Widal moja peke yake. Kwako wewe, alhamdulillahi, huhukumiwa, tena bila ya rufaa. Malaria ilipotupungukia, taifodi ilijitolea kushika nafasi yake, na sasa haingii mtu na homa kwako akatoka bila ya kuwa nayo: ameingia mwalimu wa chuo, akatoka nayo, ameingia dereva wa daladala, akatoka nayo, hata kijana aliyekuja kusoma mita ya umeme, akapimwa kwa kuwa alionekana amechoka, alitoka nayo pamoja na dripu.

Kuhusu kipindupindu umeandika mstari mmoja tu, kwamba tuchemshe maji ya kunywa, bila ya kutaja mkaa. Mji huu ulikuwa ukiyajua maradhi hayo kabla ya zahanati yako kufungua mlango. Katika miaka ya 1869 na 1870 yalifyeka watu wa Unguja mbele ya macho ya tabibu James Christie, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima, kikapigwa chapa mwaka 1876, akifuatilia jinsi yalivyosafiri kwa misafara ya bara na kwa vyombo vya baharini. Na mwaka 2016, kwa ajili ya maradhi hayo hayo, skuli zetu zilifungwa na vyakula vya njiani vikapigwa marufuku. Christie aliandika baada ya maafa, lakini alikuwa na udhuru, kwani Robert Koch alikuwa bado hajaionesha dunia kijidudu chake. Udhuru wako hatujaupata. Tulichopata ni mtungi wa maji pale mapokezini, wenye kikombe kimoja cha bati kilichofungwa kwa mnyororo, kinachomnywesha mwenye kuhara na asiyehara kwa uadilifu usiojua ubaguzi.

Nikiweka mzaha kando kwa muda, jambo linalotuuma zaidi halimo katika ilani. Mama akija na mtoto anayehara, hukabidhiwa dirishani pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na maneno mawili, "lita moja", kisha huitwa mwingine. Nyumbani ana jagi asilolijua kipimo, ana kopo la maziwa, ana chupa ya maji ya lita moja na nusu. Akitia maji machache, chumvi humzidi mtoto na kumdhuru; akitia mengi, dawa hupoteza nguvu. Alikuwapo muuguzi mmoja hapo kwako, mtu mzima, sasa amestaafu, ambaye alikuwa akiitwaa chupa ya mama mwenyewe kutoka kikapuni, akaipima maji, akaichora mstari kwa kalamu na kusema, "Mwanangu, mpaka hapa, usipite." Tena akimwonya kwamba vidonge vya zinki mtoto amalize siku zake 10 au 14 hata kama kuhara kumekoma. Kazi yote hiyo haikuzidi dakika mbili, wala haikuhitaji muhuri.

Limebaki suala la saa za kazi. Zahanati hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 9 na nusu alasiri, ilhali homa ya mtoto, kwa ukosefu wake wa adabu, hupanda baada ya Isha. Kwa kuwa sisi tumekwisha kuusiwa vya kutosha, tunaona sasa ni zamu ya maradhi yenyewe kuandikiwa ilani, kwa wino ule ule mwekundu, yaarifiwe siku na saa za kufika, na yale yatakayozuka Jumamosi na Jumapili yatambue kwamba yanafanya hivyo bila ya idhini.

Hata hivyo, yakikataa kutii, basi tunakuomba wewe. Vuli inaingia Oktoba: ilani yake itundikwe Septemba, itaje mbu wa usiku na mbu wa mchana, na itaje parasetamoli kwa jina lake. Matairi yamwagwe maji leo hii kisha yatobolewe, na kile kikombe kifunguliwe mnyororo na kutupwa. Muuguzi wa dirishani apewe kalamu na ruhusa ya kuchora chupa za watu. Na usiku, baada ya Isha, abakie mtu mmoja wa kufungua mlango unapogongwa.

Wasalaam.