Ramu, Feni na Shangazi wa Mbamba Bay

Hela ya kahawa ikiingia Mbinga, watu hununua bati, hulipa ada za watoto, na mwenye bahati huonekana juu ya pikipiki mpya. Binamu yangu hununua ramu. Tuna kibanda cha kuhariri video za harusi na kwaya pale mjini, na kila programu inapoganda yeye ana jibu moja: "Kaka, mashine ina njaa. Tuilishe."

Mlo wa kwanza ulikuwa kijiti cha GB 4, juu ya GB 4 zilizokuwamo. Alikiagiza Dar es Salaam, kikaja na basi kimefungwa ndani ya soksi. Tukakichomeka, tukawasha, programu ikaganda palepale ilipozoea kuganda. Mfumo endeshi wetu ulikuwa wa biti 32, na anwani za biti 32 huishia GB 4. Kinachozidi hapo kompyuta haina namna ya kukitaja, sembuse kukitumia. Nilipoweka mfumo wa biti 64 hali ikawa afadhali. Binamu akatikisa kichwa kama mganga aliyethibitishwa: "Unaona? Ramu ilikuwa haijazoea tu."

Msimu uliofuata akaja na SSD. Hapa simtanii hata kidogo. Diski ya zamani ilikuwa na sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kisomeo chake kikikimbia huku na huko kusaka vipande vya video. SSD haina kinachozunguka. Kompyuta iliyokuwa ikituruhusu kwenda kunywa chai na kurudi, sasa ikawa tayari kabla hatujavuta viti. Kisha tukabonyeza kurenda, yaani kuigeuza kazi yote iwe video moja iliyokamilika, na kazi ikala usiku mzima uleule. Maana kurenda ni shughuli ya prosesa na kadi ya picha. Diski huwaletea mzigo tu. Binamu aliniangalia kwa huzuni. "Kwa hiyo nimenunua mlango?"

Harusi iliyotutoa jasho ilikuwa ya Mbamba Bay. Vijana wa ukoo walirekodi kwa simu zao, katika H.265, namna ya kubana video ambayo prosesa yetu ya enzi hizo haikuzaliwa na sakiti ya kuifungua, ikawa inafungua kwa kutumia nguvu. Na video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Huweka moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Kwaya iliyosimama wima kanisani ni sadaka: inayobadilika ni midomo. Sasa mpeleke bwana harusi ufukweni, nyuma yake Ziwa Nyasa linapiga mawimbi, mbele yake wazee wanacheza mganda, pembeni kina mama wako kwenye kioda, na shela ya bibi harusi inataka kwenda Malawi. Kilichotulia ni mawe peke yake. Kila picha ni habari mpya, na mashine inapaswa kuisoma yote.

Lililosaidia kuliko yote lilikuwa la bure, na ndiyo maana binamu hakuliamini. Unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi za video, unakatakata hizo, kisha mwishoni yenyewe inarudi kwenye zile nzito. Tulihariri bila kuganda. "Na tunalipa wapi?" aliuliza, akiwa ameshika pochi.

Kamati ya harusi ikataka kuiona kazi kabla haijatoka, tukaipakia kompyuta kwenye gari na kuteremka kilomita 66 za lami kutoka milima ya Umatengo. Kule juu mwezi wa saba tunahariri tukiwa na makoti. Ziwa liko kwenye mita zisizofika 500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake halina utani. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue, kwa hiyo mashine iliyokuwa hodari Mbinga ilifika Mbamba Bay ikawa inatembea kwa mkongojo. Mchuuzi mmoja wa mbasa, mtu mwema sana, akajitolea kutuazima kasha lake la barafu. Nilimshukuru nikakataa, maana unyevu ungeimaliza. Tukaiinua juu ya vipande viwili vya tofali ili hewa ipite chini, ikapata nafuu.

Usiku wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani, waliofuata mwanga wa skrini. Feni ikawavuta wote. Asubuhi binamu alipofungua kifuniko, mwenyeji wetu alichungulia akasema hicho ni kitoweo kamili, na hakuwa mbali na ukweli: ng'ambo, Malawi, watu huwakusanya na kuwakanda kuwa mikate.

Baadaye tulipata kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya kisasa zaidi, na hapo kweli mambo yakabadilika. Iliyokuwa kazi ya usiku kucha ikawa ya muda wa kula ugali. Nilidhani tungepumzika. Lakini zamani kamati ikitaka badiliko tuliwaambia "njooni kesho kutwa", na nusu ya madai yalikufa njiani. Sasa wanasubiri hapohapo kwenye benchi. Kwa harusi ileile ya Mbamba Bay, upande wa bwana harusi wakaomba tuondoe kipande ambacho mjomba anasinzia. Upande wa bibi harusi wakaomba kirudi, tena kwa mwendo wa taratibu. Shangazi mmoja akahesabu mara alizoonekana, akahesabu na za mwenzake, akaja na karatasi. Harusi ile ilichelewa kutoka kuliko zote tulizowahi kurenda kwa ile mashine mbovu.

Alipokabidhiwa nakala yake shangazi alifurahi, akafungua pochi, akatoa kanda ya VHS. Harusi yake mwenyewe, 1998. Kwa kuwa mashine siku hizi ina mbio, tungeweza kumwingizia kabla hajapanda gari la saa nane?

Kanda ya saa tatu huingia kwenye kompyuta kwa saa tatu, maana lazima ichezwe yote. Nilimweleza hivyo kwa heshima zote, naye akamgeukia binamu yangu, ambaye alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta deki iendayo kasi.