Mheshimiwa Luku

Usukumani hakuna kitu kinachokosa mwimbaji. Bayeye wanamwimba nyoka, Banunguli wanamwimba nungunungu, Bagobogobo wanalisifu jembe, na Bagika na Bagalu wakikutana uwanjani kila upande unajitukuza mpaka jua linazama huku mashabiki wakihama kutoka ngoma moja kwenda nyingine. Ng'ombe wamesifiwa, dawa zimesifiwa, wagombea ubunge wamesifiwa. Nimengoja sana nimsikie atakayeiimba Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, sijamsikia. Majina inaitwa, hasa saa tano usiku inapoanza kulia na vibanda vimeshafungwa, lakini hayo si majina ya kuchapwa. Basi kazi hii naibeba mimi, bila ngoma na bila dawa.

Kwanza kabisa, Mheshimiwa Luku hakopeshi. Msomaji wa Moshi au Tanga anaweza kuona hii ni sifa ndogo. Aje Nyarugusu, au Rwamgasa, au Kakola upande wa Kahama, akae wiki moja. Huku kwenye ukanda wa dhahabu maisha yote yanaendeshwa kwa ahadi. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anawaahidi wachimbaji, wachimbaji wanamwahidi mama lishe, mama lishe anamwahidi muuza mchele, naye muuza mchele ameshamwahidi mtu wa mkopo. Ahadi zote hizo zina tarehe moja ya kulipwa: tukitema. Duara likitema dhahabu, madaftari yote yanafutwa kwa siku moja na mbuzi anachinjwa. Lisipotema, mama lishe ananunua daftari jingine. Katika mlolongo huo wote, mmoja tu hajawahi kuwa na jina la mtu kwenye daftari lake. Huwezi kumwambia, "Bosi, mwamba umeshaonekana, vumilia mpaka Jumamosi." Hasikii. Aliyekutangulia kwa miaka ishirini ya uchimbaji na aliyeshuka basi la asubuhi kutoka Bariadi, kwake wote ni wateja wasio na uniti.

Fika kwenye mialo ya kusagia mawe uone anavyoheshimika. Zamani karasha zilikuwa za dizeli: moshi, mngurumo, na mwenye karasha ameketi kando ya dumu lake akihesabu lita. Umeme ulipofika, nyingi zikafungwa mota. Pipa la chuma linazunguka, ndani yake mawe na gololi vinasagana mpaka vinakuwa unga, na nje kila mtu yuko kazini, kazi yenyewe ikiwa ni kumtazama mwenzake. Mwenye viroba anamtazama mwendesha karasha. Mwendesha karasha anamtazama mwenye viroba. Mwenye leseni amemtuma kijana awatazame wote wawili. Hata serikali, tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, inatazama kutoka mjini ili mrabaha wake usipitie vichochoroni. Asiyetazamwa na mtu ni mita iliyoko ukutani. Uniti zikiisha pipa linasimama, mawe nusu kokoto nusu unga, na kimya kinaingia. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, wale watu wanatazamana usoni kama ndugu na kuulizana nani ana salio kwenye simu.

Elimu yake nayo isisahaulike. Mita nyingi za aina hii zimetundikwa juu ya nguzo au ukutani bila laini ya simu wala intaneti, na tangu siku zilipofungwa hazijawahi kuzungumza na ofisi inayoziuzia umeme. Wewe unanunua kwa simu, unaletewa tokeni ya tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo kuna kiasi cha uniti na dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, vyote vimefichwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ukimpa jirani, mita yake inakataa. Ukiirudia tokeni ya juzi kwa kujaribu bahati, inakataa pia, maana inakumbuka ilizokwisha kula. Utaratibu huu unaitwa STS, ulizaliwa Afrika Kusini, na leo unapima umeme wa mamilioni ya nyumba duniani. Wakubwa wa teknolojia wametufuata nyuma kwenye kuuza kwa kipimo. Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta zake mwaka 2006 ilihesabu kwa saa, na mpaka 2017 ndipo ikaanza kuhesabu kwa sekunde. Na bado, kawaida yao ni kupima kwanza, ankara ifuate. Kijana aliyesahau kuzima mashine aliyoikodi anaamka mwisho wa mwezi na deni la dola. Mita ya Shinyanga haijawahi kumwamsha mtu na deni. Inamwamsha na giza.

Wako wanaosema Mheshimiwa ana upendeleo. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, msimamizi wa bei za nishati, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka afike uniti 75 kwa mwezi. Akipita hapo, kila uniti ya ziada ni 350, na akizoea kupita anahamishiwa kundi la shilingi 292. Juu ya bei hiyo, kwa hesabu ya miaka mingi, kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Ndiyo maana mzee asiyekumbuka mwaka aliozaliwa anaijua 9,150 kwa moyo: ndiyo uniti 75 pamoja na kodi zake, bila senti ya ziada. Mtu wa kundi dogo akitoa 10,000 anapata uniti 77 hivi. Jirani yake aliyehamishwa anapata 28 kwa 10,000 ile ile, na nguzo yao ni moja. Hivyo ndivyo mtaa unavyojua nani amenunua friji, hata kama aliliingiza usiku likiwa limefunikwa blanketi.

Mwenye karasha yuko kwenye 292, na analipa kabla ya pipa kuzunguka. Mgodi mkubwa unaochukua umeme kwenye msongo mkubwa ulipangiwa shilingi 152 kwa uniti, ukiweka kando malipo ya kilele cha mahitaji yake, na wateja wa daraja hilo wamezoea kutumia kwanza na kuletewa ankara baadaye. Kumbe kukopesha anajua. Anachagua tu nani ana uso wa kukopesheka, na katika hilo hana tofauti na benki yoyote ya Kahama mjini.

Kwa uaminifu wake wa kukusanya, serikali ikamwongezea cheo. Tangu 20 Agosti 2021 anakusanya pia kodi ya majengo: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua aliyenunua wa kwanza mwezi huo, naye kwa kawaida ni mpangaji wa chumba cha mwisho, mwenye watoto, asiyeweza kulala gizani. Akitoa 10,000 anaona uniti 23 na kitu, anapiga hesabu mara mbili, halafu anavaa kanga vizuri na kwenda kubisha hodi nyumba ya mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za watoto?"

"Wazima. Baba, nimekatwa elfu moja na mia tano ya jengo."

"Jengo lipi mwanangu? Si hilo unalolala wewe?"

Mazungumzo ya aina hii yamejenga ujirani mwema Katoro na Masumbwe kuliko semina nyingi. Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, watu wanafahamiana mpaka ndani. Nani anapiga pasi alfajiri, nani ana redio isiyozimwa, nani anasema anatumia taa moja huku harufu ya maharage ikitoka chumbani kwake bila moshi: yote yanajulikana, na kila mwezi yanazungumzwa kikaoni uani, kila mtu na mchango wake. Nchi nyingine wanalipia wanasaikolojia.

Wakosoaji watakumbusha Mei 2021, pale mfumo wa kununulia umeme ulipokwama kwa siku kadhaa na foleni zikajaa kwenye ofisi za shirika la umeme, TANESCO, nchi nzima. Ni kweli. Ila tuwe waadilifu: kilichokwama ni kompyuta za mauzo. Mita zenyewe zilibaki kazini, zikiteremsha uniti moja baada ya nyingine bila kukosa hata moja. Na wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, nani alifunga zaidi yake? Saa nane nzima bila umeme, hakuhesabu hata robo uniti. Kama hiyo si tabia ya muungwana, sijui muungwana ni nani.

Lakini kilele cha utukufu wake ni 2024. Wale waliobuni STS walizihesabu dakika kuanzia 1 Januari 1993, na wakazitengea nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo inabeba dakika 16,777,216, basi. Ukizigeuza kuwa miaka hazifiki 32, na zilikuwa zinajaa 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita ambayo haijawekewa ufunguo mpya ingeziona tokeni zote mpya kuwa takataka. Ilibidi kila mita ibadilishwe ufunguo, na mita ziko milioni kadhaa, nyingine mwisho wa barabara ambayo gari haliendi masika. Angetumwa nani?

Tulitumwa sisi. Ukinunua umeme ulikuwa unaletewa makundi matatu ya tarakimu 20: la kwanza na la pili la kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwa mkono, kwenye ile rimoti ya kuingizia tokeni, yenye vitufe vilivyofutika. Mahali pengine kazi ya kusimika programu ya kupimia matumizi huitiwa mhandisi mwenye kompyuta mkononi na posho ya kulala. Huku ilifanywa na bibi wa Nyang'hwale akisoma namba kwa sauti ya kwaya, mjukuu wa darasa la tano akibonyeza, na mjomba asiyehusika akisahihisha. "Nne nne saba." "Nne ngapi?" "Mbili." "Umesema nne nne au nne mbili?" Mita inakataa. Wanaanza upya.

Halafu kuna betri. Rimoti ilikaa juu ya kabati mwaka mzima ikiliwa na kutu, na siku hiyo haiwaki. Betri zikatolewa kwenye tochi ya mchimbaji, kwenye rimoti ya televisheni, kwenye saa ya ukutani. Naijua familia moja ya Geita ambayo saa yao ilisimama kwenye saa nne kasorobo siku hiyo na sikukuu ya Krismasi ikaikuta hapo hapo. Wengine walikuwa na akiba ya tokeni za zamani kwenye simu, wakaingiza ufunguo mpya kabla ya kuzila zile za akiba, na mita, kwa uadilifu wake ule ule, ikazikataa zote.

Nchi nzima ilifanya kazi ya ufundi wa kompyuta bila mafunzo, bila cheti na bila malipo, huku ikinunua umeme kwa hela yake yenyewe. Sijaona tuzo iliyotolewa. Kama ipo, naomba aanze kupewa yule mjukuu wa darasa la tano.

Sasa zinakuja mita janja, ambazo uniti zinaingia zenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Nawatakia heri watakaofungiwa. Kwa tuliobaki na rimoti, hesabu mpya imeanzishwa kutoka Januari 2014, na nafasi yake ni ile ile ya biti 24. Itajaa 24 Novemba 2045. Nunueni betri mapema, na zile tokeni za akiba zimalizeni kwanza.