Mwongozo wa Haraka kwa Mwalimu Mgeni wa Darasa la Awali

Hongera kwa kupangiwa darasa la awali. Bila shaka mwalimu mkuu amekwambia ndilo darasa rahisi kuliko yote, kisha akaondoka kwa haraka. Usimkimbilie. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima Tanzania, na kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Ukifungua mlango ukakuta 25 kweli, rudi ofisini ukaulize kama hujakosea shule.

Anza na andalio la somo. Liandike kwa mwandiko mzuri, hatua kwa hatua, dakika zikiwa zimegawanywa, kwa sababu litasomwa na mwalimu mkuu pamoja na mthibiti ubora. Watoto hawatalisoma. Zile dakika tano za utangulizi zitamezwa na ombi la kwenda kukojoa, na ukimruhusu mmoja, darasa zima litakumbuka kuwa nalo limebanwa.

Zana ziwe nyingi, na ziwe mbali. Chora herufi kwenye manila au kwenye mfuko wa saruji uliogeuzwa, halafu zitundike karibu na kenchi, pasipofikika. Chati isiyoguswa hudumu miaka na hupendeza kwenye picha za ugeni. Mtoto mwenye hamu ya kuiona herufi hiyo kwa karibu asubiri arefuke.

Mwongozo utakutaka uwe na kona za ujifunzaji, nayo ya hatari zaidi ni kona ya nyumbani. Weka pale kisufuria, kanga kuukuu na mwanasesere wa matambaa, na ndani ya wiki utajua habari za mtaa mzima. Mama wa miaka mitano atajishika kiuno na kuuliza hela ya matumizi iko wapi. Baba, naye wa umri huohuo, atajibu kwamba ameshatuma, labda ni mtandao. Mtoto wa tatu aliyepewa cheo cha mgeni ataambiwa akae, kisha atahesabiwa: sahani tatu, watu wanne, kwa hiyo mmoja atakula na baba. Angalia usije ukasimama hapo ukasikiliza. Utagundua kwamba wamejumlisha, wamegawana, wamepangana zamu na wamemaliza ugomvi bila ya wewe, na hilo litakuharibia ratiba. Wakishaelewana vizuri, gonga meza uwatangazie kuwa mchezo umekwisha, sasa ni wakati wa kujifunza.

Hesabu utafundisha kwa vizibo vya soda. Vioshwe kwanza, na vyenye ncha kali vitupwe. Maharage nayo yanafaa, ila uwe umeshazoea kuchungulia pua: haragwe lililoingia huko hufyonza unyevu na kuvimba, na safari ya zahanati haimo kwenye andalio la somo. Sasa panga vizibo sita mstari mmoja na sita mstari wa pili, sambamba. Uliza, watakwambia viko sawa. Mbele ya macho yao, utanue mstari mmoja bila kuongeza kitu, kisha uliza tena. Wengi watakuapia kuwa huo mrefu una vizibo vingi zaidi. Usipandishe sauti. Jean Piaget wa Uswisi alijijengea jina kwa majaribio ya namna hii, akaeleza kuwa katika umri huo jicho bado linaishinda hesabu. Na jambo hili lina faida zake wakati wa chai: anayelia kwamba mwenzake kapewa maandazi mawili, mkatie lake vipande viwili. Ukimya utarudi.

Midoli ya bei mbaya usihangaike nayo. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, aliona watoto wakiiacha midoli mizuri na kukimbilia kazi za kweli. Hata wa kwako watagombea ufagio. Wewe wanyang'anye, uwape picha ya ufagio waipake rangi bila kutoka nje ya mstari.

Udongo wa mfinyanzi utapendwa, ingawa kila utakachoagiza kitatoka nyoka. Ukiomba kikombe, utapewa nyoka aliyejiviringisha. Kukanda na kuviringisha ndiko kunakovipa nguvu vidole vitakavyoshika penseli, lakini nguvu hiyo haionekani kwenye daftari, na jioni mzazi atakusubiri getini. “Mwalimu, mbona mwanangu anacheza tu? Wa jirani ameshaanza kuandika.” Usibishane na mteja. Toa mazoezi ya nyumbani, kurasa mbili za herufi a. Yatarudi asubuhi yakiwa na mwandiko mzuri wa dada wa darasa la tano. Tia vema, andika “Hongera”, na dada naye atakuwa amenufaika.

Kwa hadithi, sungura na fisi watakutosha mwaka mzima. Ila fisi akishanasa mtegoni, mkono utanyooshwa, na swali litakuwa hili: “Mwalimu, hata mimi nina viatu vipya.” Vitazame, uvisifu, kisha umrudie fisi kabla hawajafika wenye viatu wengine.

Mwisho wa mwaka kuna mahafali. Shule zenye uwezo hukodi majoho na kofia za mraba, na mgeni rasmi huzungumza kuhusu soko la ajira mbele ya wahitimu ambao nusu yao wamelala na mmoja anaomba kukojoa. Vyeti usivikabidhi mikononi mwao. Mpe mzazi moja kwa moja, maana mhitimu akikipata yeye, kitakuwa ndege ya karatasi kabla mgeni rasmi hajafika kwenye teknolojia.