Kuku Hajui Mninga

Nani aliwaambia watu kwamba kuku anahitaji fanicha? Nauliza kwa sababu fundi seremala wa mtaani kwetu, mtu ninayemheshimu sana kwa vitanda vyake, alikuja uani kwa habari ya viota vya kutagia, akawatazama matetea wangu kwa muda, akachomoa penseli sikioni na kuanza kuandika. Mbao za mninga. Misumari. Bawaba. Vanishi.

"Bawaba, fundi? Kwani kuku atafunga mlango?"

"Faragha, mzee."

"Na vanishi?"

"Kitu kikae."

Alipojumlisha, nikaona kwa hela ile naweza kununua mayai dukani, trei kwa trei, mpaka mwaka uishe, bila kumwagia kuku yeyote hata punje ya mtama.

Kwenye faragha, nikiri, hakukosea. Tetea akitaka kutaga hutafuta mahali penye giza, pakavu, pamejificha, na pembamba kiasi cha kumbana mbavu. Sentimita 30 kila upande, yaani rula ya mtoto wa shule, zinamtosha kuku wa kienyeji. Akiwa chotara mwenye mwili, hawa kina Kuroiler na Sasso, mwongezee vidole vinne. Mbele unaacha ukingo wa kama sentimita 10 ili nyasi zisimwagike na yai lisibiringike likapasukie chini, maana kuku akishaonja yai lililopasuka, kesho atalipasua mwenyewe. Hayo ndiyo mahitaji yake yote. Mninga hakuutaja.

Basi nikachukua dumu. Dumu la mafuta ya kula la lita 20, lile la njano ambalo huko nyuma ulikuwa unaliokota tu, siku hizi muuza madumu wa sokoni anakutajia bei huku akikutazama usoni, na ndani bado kuna mafuta ya mtu. Unaliosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi uishe. Unalilaza, unaukata ule uso wenye mdomo na mshikio, ukingo wa chini unauacha. Kisu ukikipasha moto kinapita vizuri, ila kiwe kisu chako, kisiwe kile cha mama watoto cha kukatia nyama. Hilo sitalieleza zaidi. Makali yaliyobaki unayavika mpira wa kumwagilia bustani uliopasuliwa, kuku asichanike kifua. Nyuma na chini unatoboa matundu, kwa sababu plastiki kwenye joto la Dar es Salaam bila matundu ni kumpika kuku kabla ya sikukuu. Kisha unalifunga kwenye nguzo za banda kwa waya wa kufungia nondo, upande wenye kivuli.

Lifunge chini ya fito za kulalia. Kuku usiku anataka kulala juu kuliko vyote vilivyomo bandani, na kiota kikiwa juu ya fito atakigeuza chumba cha kulala. Kuku aliyelala anakunya usiku kucha. Kuna jirani yangu mayai yake unayaosha kwanza ndipo ujue ni mayai, naye analaumu chakula cha kiwandani.

Yakabaki matandiko. Nikaenda kwa fundi yuleyule kuomba maranda, yale aliyokuwa akiyachoma moto kila jioni na kututoa machozi mtaa mzima. Akaniambia maranda sasa ni biashara, yanauzwa kwa kiroba. Nikalipa. Mtu akikukosa kwenye mninga atakupata kwenye vumbi lake. Chini ya maranda nikatia majivu ya jikoni, kama walivyofanya wazee wetu kupambana na utitiri, na hayo angalau hakuna aliyeniuzia.

Shemeji yangu kutoka Singida, mkoa ambao umelilisha jiji hili kuku wa kienyeji miaka nenda rudi, alipoyaona madumu yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, kwetu kuku anataga kwenye tenga bovu. Akikosa tenga, chini ya kitanda cha bibi." Nikamwambia hapa kwetu chini ya kitanda kuna masanduku, viatu na mchele wa akiba, kuku hapiti.

Lakini yote hayo ni nafuu ukilinganisha na wenyewe wanaojengewa. Wataalamu wanasema kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Mimi nimeweka madumu matatu, yamekatwa sawasawa, yametandikwa sawasawa, na matetea wote wanataka la kona. La kona! Asubuhi wanapanga foleni mbele yake wakipiga kelele mpaka majirani wanajua nani ana uchungu. Mwingine akichoka kungoja anaingia na kumkalia mwenzake mgongoni. Jogoo naye amejipa udalali: anaingia la katikati, anakwaruza maranda, anaita kwa sauti ya mahaba, hakuna anayegeuka. Kuku huamini mahali penye yai ndipo salama, kwa hiyo la kona litaendelea kuwa la kona.

Dawa inajulikana: weka yai la kudanganyia. Nikatafuta mawe meupe, laini, ya ukubwa wa yai, nikaweka moja katika kila dumu lililosuswa. Tetea mwekundu akakubali mara moja. Amekubali kupita kiasi: sasa analalia. Kavimbisha manyoya, ukisogeza mkono anakudonoa, hatagi tena, na lile dumu halina mpangaji mwingine. Yai huanguliwa kwa siku 21. Jiwe sijui tumwambieje. Nikimtoa anakula haraka haraka, anakunywa, anarudi mbio kulipasha moto kokoto lake.

Kwa hiyo nahitaji dumu lingine. Ndugu msomaji, kama unalo la lita 20 limekaa tu nyuma ya nyumba, tafadhali usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki. Hata linalovuja nalipokea, tena ndilo bora, litakuwa limenipunguzia kazi ya kutoboa. Mfuniko baki nao.